Saa Sitini za Mama

Kazi yangu hospitalini ni kupima dawa ya mionzi anayodungwa mgonjwa kabla ya kupigwa picha ya mifupa. Dawa ile haikai. Kila baada ya saa sita nguvu yake hupungua kwa nusu: ukiwa na ishirini saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri una kumi, saa tatu usiku una tano. Wagonjwa nawaambia maneno yaleyale kila siku: leo usipakate mtoto mchanga, kesho asubuhi mpakate utakavyo.

Jumatatu moja mgonjwa alikuwa mama yangu. Saratani ya titi tulidhani imekwisha, lakini mgongo ulikuwa ukimuuma, na daktari akataka kuiona mifupa. Dawa nilimpimia mwenyewe, nikarudia hesabu mara tatu. Mwenzangu akamdunga saa tatu asubuhi.

Siku hiyohiyo mke wangu alirudi nyumbani kwetu Kimara kutoka kwao Tanga, alikokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza kama desturi yetu inavyotaka. Arobaini ilikuwa imetimia. Mama, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa hajamwona mjukuu wake ila kwenye simu.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi kupita ujuzi. Taka zetu za mionzi, yaani sindano na pamba zilizotumika, huwa tunazifungia mpaka nusu kumi zipite, saa sitini kamili, ndipo tunazitupa. Nikaichukua hesabu ya taka nikampa mama. Mpaka Jumatano saa tatu usiku, nikamwambia. Nilijua kesho yake asubuhi ingetosha. Lakini mtoto alikuwa wangu, nikajisemea tahadhari kabla ya hatari.

"Mume wangu kaja toka Tanga, mie nazuiwa hata kumshika," mama alisema, akimtania mjukuu wake kutoka mlangoni. "Kwani nimekuwa sumu, mwanangu?"

"Saa chache tu, mama."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Akaweka kiti chake koridoni, akawa anamwimbia kwa mbali. Jumanne mke wangu aliniuliza kama bado. Nikamjibu kwa ukali kwamba hesabu haijui huruma. Mimi nina hasira za karibu, hasa ninapojua nimekosea.

"Mwache, mkwe wangu," mama akasema. "Siku mbili si miaka."

Jumatano saa tisa alasiri mke wangu alinipigia simu kazini. Mama alikuwa ameshikwa kifua ghafla, anatafuta pumzi. Nilipofika Kimara alikuwa ameshakata roho. Walikuwa wamemlaza kitandani kwake na kumfunika kanga. Nililia kama mtoto, sikujali nani ananiona.

Kabla majirani hawajajaa, mke wangu alisimama mlangoni na mtoto.

"Sasa anaweza?" akauliza polepole.

Niliangalia saa ya ukutani. Mungu anisamehe, hata wakati ule nilipiga hesabu: zilikuwa zimebaki saa nne na nusu. Nikampokea mtoto, nikamlaza kifuani kwa bibi yake. Ilibidi nimshikilie mwenyewe asianguke.