Mzee wa Kufunga Kamba za Viatu

Kazi niliyonayo leo niliipata kwa kumwambia bosi anakula panya.

Tulia nikupe mkasa.

Nilifundisha darasa la kwanza hapa Kitwe, mji wa migodi, miaka kumi na mmoja, watoto themanini chumba kimoja. Shule ilipofungwa nikasota mwaka mzima, nikikaanga vitumbua vya kuuza. Kila ofisi iliniona najua kuimbisha watoto tu.

Mwishowe mgodi mmoja ukanipa jaribio la nusu saa: nifundishe wachimbaji thelathini kuvaa kifaa cha kupumulia, moshi ukitanda chini ya ardhi. Nikichemsha, narudi kukaanga vitumbua.

Nikaeleza, nikaonyesha, nikauliza kama wameelewa.

"Ndiyo, ba madam," wakaitikia kwa pamoja, na ile "ba" yetu ya heshima.

Mimi tena? Darasa likiitikia hivyo, ujue kuna aliyetoka kapa. Na huyo ghafla huona kamba za viatu vyake zimelegea.

Nikaangaza. Nyuma kabisa, mzee mmoja wa ovaroli iliyopauka alikuwa ameinama, anafunga kamba.

"Baba wa nyuma, unaitwa nani?"

"Jere."

Mngoni! Mimi Mbemba, mtani wake; sisi huwatania Wangoni kwamba wanakula panya.

"Njoo mbele, ba Jere. Panya wako wa kuchoma hatawaiba mtu."

Chumba kizima kikacheka.

"Hata wala nyani siku hizi wanafundisha," akajibu, huku akija taratibu.

Kifaa akakivaa juu chini. Nikamshika mikono kama mtoto wangu wa darasa la kwanza, akarudia mara tatu mpaka akapatia. Kisha nikamwambia awaonyeshe wenzake, mmoja mmoja.

Nilipotoka, karani akanivuta pembeni. Akaninong'oneza kwamba yule ndiye mkuu wa usalama, na ndiye aliyekuja kunipima.

Nilijisikia vibaya, jamani. Nikaviona vitumbua hivi hivi.

Ba Jere akanifuata. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia.

"Mtani hakasirikiwi," alisema. Kisha akashusha sauti. "Sikuwa naigiza, madam. Wakufunzi sita wamepita hapa, nami najificha nyuma, naona aibu kuuliza. Wewe ndiye wa kwanza kuniona. Jumatatu uanze."

Mwalimu mwenzangu unayetafuta kazi nyingine, usijidharau. Jicho lililozoea kumtafuta mtoto asiyeelewa lina kazi popote penye watu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu mgodini. Ba Jere bado anakaa nyuma, ila siku hizi namlazimisha avae buti zisizo na kamba.