Lamba Chuma Kabla Hujamshuku Mtu

Iko siku moja ninayoikumbuka kwa ulimi kuliko kwa kichwa, mwanangu. Usicheke. Najua nina miaka kumi na sita, na juzi tu mwalimu kanichapa kwa kuzichora ndevu zake ubaoni. Lakini baba yako ni kaka yangu, basi wewe ni mwanangu utake usitake. Muhula ukianza nakwenda kusoma Unguja, na gari la kuvutia mashua hapa Gando litabaki mikononi mwako. Ndiyo maana nimekaa kitako nikuase, kama mtu mwenye mvi.

Gari lenyewe unalijua: mbao mbili nene, magurudumu mawili, na ekseli, ule mtaimbo wa chuma unaopita kati. Kila ncha ya ekseli ina tundu, na tunduni hupita pini inayozuia gurudumu lisichomoke. Mashua ya babu yako hupanda juu yake ikitoka majini, watu wakavuta kamba hadi bandani. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vinavyobiringika navyo vina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Mzee Faki, rafiki wa babu yako na mtunza gari, mtu asiyeamini kitu chochote, hata kivuli chake hukipisha kitangulie apate kukiona.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, vita vya Wazungu ndiyo kwanza vimeanza kukausha chuma madukani. Baba, yaani babu yako, akatuchukua mimi na Mzee Faki mpaka Wete kununua magurudumu. Muuzaji akatutolea jozi iliyopakwa rangi mbichi, nyeusi, inang'aa kama uso wa bwana harusi. Mzee Faki akaichuna rangi kwa ukucha, akainama, akalamba chuma.

"Mzee, hilo gurudumu, si muwa!" muuzaji akamaka.

"Muwa ningetema makapi," akajibu. "Hili lina chumvi, lishalala baharini, na rangi hii ni sanda yake. Hebu lete yale ya nyuma."

Tukarudi na jozi chakavu, yenye sura mbaya, lakini ulimi wa Mzee Faki umeridhika. Kibaya chajitembeza, wahenga walisema. Wakasahau kusema kwamba siku nyingine hujipaka rangi kwanza. Mimi shuleni nikawa namwigiza, nalamba ubao, nalamba kengele, wenzangu wanagaagaa kwa kicheko.

Kisha nikaona jambo. Kila gari likitoka majini, baada ya sala ya alasiri, Mzee Faki huchomoa pini zote mbili, akazitia mfukoni mwa kanzu na kwenda nazo kwake. Asubuhi zimerudi. Lakini mbona ziliondoka zina wekundu, zikarudi nyeusi? Ni zilezile kweli?

"Unazipeleka wapi, mzee?"

"Kuziogesha."

"Na kuzipaka wanja?"

"Nawe ungeogeshwa hivyo, yakhe, darasani wangekaa karibu nawe."

Nikaona mwizi ananifanyia mzaha. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikajihisi mtu mzima kwa kujua methali. Lo, methali kichwani mwa mjinga ni nyundo mkononi mwa mtoto! Na nyundo niliichukua kweli. Mzee Faki alipokwenda Shumba kumuuguza dada yake, nikazikunja ncha za pini zisichomoke kwa mwizi yeyote. Sikumwambia mtu.

Alikaa huko mwezi na zaidi. Gari likaingia maji ya chumvi na kutoka, likaingia na kutoka. Pini hazichomoki, walioachiwa kazi wakadhani ni kutu, kwa hiyo magurudumu hayavuliwi, ekseli haioshwi wala haipakwi shahamu, yale mafuta ya mnyama. Gurudumu la kushoto likaanza kulia. Mimi huyo, nalinda pini.

Siku babu yako alipoipandisha mashua kwenda kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa za mbao, pale kwenye mteremko gurudumu likaganda, pini ikakatika, gurudumu likachomoka. Mashua ikaanguka ubavu, mbao mbili zikavunjika. Babu yako aliruka. Asingeruka, ungekuwa unamsomea hitima.

Mzee Faki alikuwa amerudi siku hiyohiyo, akaja mbio kama wengine. Watu wakanong'ona, kisha hawakunong'ona tena.

"Pini si yeye anayekwenda nazo kwake?"

"Kauza nzima, katutilia mbovu!"

Dhana niliyoificha moyoni, mwanangu, niliisikia vinywani mwa watu, na haikuwa tamu. Baba alimtazama tu rafiki yake, na kule kutazama kulikuwa kubaya kuliko tusi.

Mzee Faki akaokota kipande cha pini, akakilamba. "Haijaoga tangu niondoke," akasema. Akakigeuza. "Na imekunjwa kwa nyundo."

Hakumtazama mtu. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani unaziiba."

Baba akanijia juu. Mzee Faki akamzuia, akaniletea kile kipande mdomoni. "Lamba." Nikalamba. Kilikuwa na chumvi mpaka machozi yakanitoka, au ndivyo nilivyowaambia watu.

"Kushuku si kosa," akasema. "Mimi nashuku kila kitu. Lakini huanza na chuma, maana chuma nikikishuku bure hakivunjiki heshima. Wewe ulianza na mtu."

Basi mwanangu, shika haya. Gurudumu lenye rangi mbichi, lichune ulionje. Likitoka majini, chomoa pini, vua gurudumu, osha kwa maji ya kisima, kausha, paka shahamu tupu. Usipake ile ya chokaa tunayopaka chini ya chombo, chokaa itakusagia chuma. Gurudumu likilia, lakuita wewe. Na ukimwona mtu anaondoka na pini, mfuate kwanza kwa miguu, si kwa dhana. Huenda ukaishia kwenye ndoo ya maji.

Mbao za mashua zilibadilishwa ndani ya mwezi. Mzee Faki yeye, mpaka leo nikimkabidhi pini nilizoziosha, huzilamba kabla ya kuzipokea. Sichukii. Nami nitakupa wewe, na nikirudi likizo nitazilamba.

Mola akujaalie ulimi mwepesi kwa chuma, mzito kwa watu. Amin.