Miaka Minne ya Sufuri

Mhasibu wa kampuni yetu ni mama mpole, sauti yake ya kanisani, na kila mwanzo wa mwaka alitupa sisi madereva karatasi moja moja ya P9, ile inayoonyesha mshahara wa mwaka mzima na kodi iliyokatwa. Alitusihi tuziweke vizuri. Ya mwaka wa kwanza niliipangusia dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Ya pili ilifungiwa maandazi pale Salgaa, tunapopumzisha malori. Zile mbili nyingine sijui zilienda wapi, na sitadanganya kwamba nilizitafuta.

Madereva tulikuwa na hekima yetu. Kodi boss ameshakata na kupeleka, sasa serikali inanidai nini? Sufuri. Basi mwezi wa sita ukifika, tukiwa barabarani, tulimtumia ujumbe msichana wa saiba, kile kibanda cha kompyuta na mtandao pale Bondeni, atujazie ritani za sufuri, zile fomu za kodi za kila mwaka. Paswadi zetu zote alikuwa nazo, na hazikumsumbua kukumbuka, maana kila dereva alitumia namba ya lori lake. Tulijiona wajanja kweli. Kumbe kujaza sufuri ni kuapa kwamba mwaka mzima hukupata hata shilingi, wakati kampuni imeandika kila mwezi kwamba ilikulipa. Mhasibu alituambia hilo pia, nadhani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama yangu akapigwa na kiharusi huko nyumbani Kabazi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakampotea, yakabaki machache ya kuhesabu. Dada yangu ndiye anamtunza. Mimi nilikuwa namwona mara moja kwa mwezi, nusu siku, na sehemu kubwa ya hiyo nusu naimaliza kwa usingizi. Niliona aibu kila nikiondoka.

Ndipo ushirika wa maziwa wa huko ukatafuta dereva wa lori linalozunguka asubuhi kuchukua maziwa kwa wakulima. Njia yake inapita nyumbani kwetu kabisa. Katibu wao alinifahamu, akasema kazi ni yangu mradi nilete leseni, cheti cha tabia njema na cheti cha kodi kabla ya Ijumaa jioni. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilimpigia mama hapo hapo nikamwambia nimepata kazi ya lori la maziwa, kuanzia Jumatatu ijayo ataniona kila siku. Dada akaniambia mama amecheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Saibani, mtandao ulikataa kunipa cheti cha kodi. Msichana akanigeuzia skrini nijionee: kampuni imeandika mshahara, mimi nimeandika sufuri, miaka yote minne.

"Mzee, si ni wewe uliniambia niweke zero?"

Akanieleza bila kunicheka kwamba dawa ni kusahihisha ritani zote nne, na hawezi bila P9 za miaka hiyo. Sikudaiwa kodi yoyote. Nilichokosa ni karatasi nne nilizopewa bure nikazifanya kitambaa.

Sasa, katika kampuni za malori, dereva akiomba P9 mwezi wa tano ni sawa na kutangaza anahama. Niliingia ofisini nikijua. Mhasibu alinitazama, akauliza polepole kama si haya aliyokuwa akituambia, kisha akasema za zamani lazima zitiwe sahihi na muhuri wa boss. Boss akaniita ndani, akaniagizia chai. Niliichukia ile chai. Ni mtu asiyepiga kelele, na natamani siku hiyo angepiga, ningepata sababu ya kutoka. Aliulizia mama, akatoa pole ya moyoni, ndipo akasema lake.

"Karatasi zako nitasaini zote. Lakini niko na mzigo ya Malaba na sina dereva. Peleka, urudi Alhamisi, utapata bahasha yako hapa kwa meza."

Nilipiga hesabu ya siku, ikatosha. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema saini sasa, kalamu ni hiyo. Lakini kwa miaka mitano nilikuwa nimemjibu mtu huyu neno moja tu, na mdomo ukalitoa kabla sijaufunga. Nikasema sawa, boss.

Malaba, pale mpakani, mashine za forodha zilikuwa zimelala. Foleni ya malori ilirudi nyuma mpaka sikuuona mwisho wake. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Dereva haachi mzigo. Ukishuka na kwenda, chochote kikipotea ni chako kulipa. Nilikaa ndani ya kebini na jua lake, mbele tela, nyuma tela, nisiweze hata kugeuza. Nilimpigia mhasibu nikamwomba apige picha zile P9 amtumie msichana wa saiba. Akasema boss amesafiri Eldoret kabla ya kusaini. Ijumaa jioni katibu wa ushirika akanipigia mwenyewe, kwa heshima, akaniambia kamati imechukua kijana wa Subukia. Nilipiga usukani mpaka kiganja kikavimba. Nikamtukana boss, nikaitukana forodha, kisha zamu ikanifikia mwenyewe, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Bahasha nilikuja kuipata niliporudi, P9 zote nne, muhuri safi, na cheti kikatoka. Nimekiweka ndani ya Biblia. Hakuna aliyewahi kukiomba.

Lakini Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa, siku niliyomwahidi mama, bado nilikuwa foleni, na sikuwa nimemwambia mtu nyumbani. Niliogopa, basi. Saa tatu asubuhi dada akapiga simu. Mama alikuwa amewaamsha mapema, akadai kofia yake ya kanisa, akataka atolewe nje na kiti akae kando ya barabara.

"Lori ya maziwa imekuja, imesimama," dada akasema. "Amemwangalia dereva, akamwangalia tena, alafu akaniangalia mimi. Sasa ongea na yeye."

Nikasikia simu ikisogezwa sikioni mwake, na pumzi yake. Alihangaika na lile neno kwa muda.

"Kesho?" akauliza mama.

Nikamwambia ndiyo, mama. Kesho.