Njia Mbili za Mama Chomoa

Mdogo wake mama ni fundi wa seva hospitalini. Wanamwita Mama Chomoa, kwa sababu haamini kioo cha kompyuta mpaka achomoe kebo mwenyewe. Kioo kikiandika njia zote mbili nzima, anasema, "Hata mlevi husema hajalewa."

Njia mbili maana yake seva inafika kwenye kabati la diski kwa kebo mbili, kila kebo inapita swichi yake, kisanduku cha kuunganishia kebo. Moja ikifa, nyingine inabeba. Kwenye diski ndimo yalimo majina ya wagonjwa na makundi ya damu zao.

Jana kebo nilizivuta mimi, msaidizi wake. Swichi ya pili iko nyuma kabisa, mkono haufiki. Nikachubuka vidole, hasira zikanipanda, nikazichomeka zote mbili kwenye swichi ya kwanza. Kioo kikaandika njia mbili. Mama mdogo alikuwa na homa, jana hiyo hakuchomoa kitu. Nikasema basi, nani atajua.

Leo saa nne asubuhi swichi ya kwanza ikaanza kunuka kuungua. Feni yake imekufa. Mama mdogo akampigia nesi wa chumba cha upasuaji.

"Mna mtu mezani?"

"Yupo, mama wa mapacha. Damu inamtoka, ndiyo tunamtafutia ya kumwongeza kwenye kompyuta."

"Endelea tu. Nazima swichi moja, ya pili itabeba."

Kidole chake kiko kwenye kitufe. Nikamshika mkono.

"Mama mdogo, usizime. Zote mbili zimo humo."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Aliondoa kidole kwenye kitufe.

"Ingia nyuma. Hamisha moja. Ukigusa kebo ile nyingine, huyo mama tunamzika sisi."

Nikatambaa kwa tumbo. Moshi unaniingia machoni, kebo zote rangi moja. Nikaifuata moja kwa vidole, inchi kwa inchi, mpaka mwisho wake. Nikachomoa. Nikachomeka nyuma.

"Kioo kinasemaje?" nikauliza.

"Moja tu."

Nikahesabu pumzi zangu. Nikafika thelathini na kitu.

"Mbili," akasema, akazima.

Akarudi kwenye simu.

"Nesi, unaona majina?"

"Nayaona. Damu yake imepatikana, wanaileta."

Mama mdogo akakaa chini sakafuni.

"Toka huko nyuma," akaniambia. "Uje uniambie jana ulikuwa unamdanganya nani."