Pikapu Iliyonyamaza Mbele ya Mafundi

Kila wiki nilipakia magunia ya mwani wa kinamama wa Jambiani kwenye pikapu kuukuu aliyotuachia marehemu baba, mimi na kaka yangu, nikayapeleka mjini. Njiani sikusikia kitu cha ajabu, maana mabati yote ya gari ile yalikuwa na kelele zake. Lakini nikikwama kwenye foleni ya Darajani, nikatoa gia na kupumzisha miguu, ulianza chini ya sakafu mkoromo mkavu, kama mtu anasaga nafaka kwa jiwe.

Kaka ana kazi yake mjini, pikapu haina faida kwake. "Gari hii inakufa," aliniambia. "Nshampata mnunuzi wa Nungwi, Alhamisi anakuja kuitazama." Mimi bila pikapu ile sina kazi. Nikamwomba aniache kwanza niijue ile sauti.

Fundi wa kwanza alijilaza chini ya gari, akapiga ukelele, "Washa!" Nikawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, kama gari ya bwana harusi.

"Iko wapi hiyo sauti, dada?"

Nikaapa kwamba ipo. Akajifuta mikono, akaniuliza mume wangu yuko wapi, labda yeye angeeleza vizuri zaidi. Nilitaka kumtupia spana. Nilipofika Darajani mkoromo ukarudi, nikaupiga usukani ngumi mpaka watu wakageuka.

Fundi wa pili alikaza bomba la moshi ambalo halikuwa na kosa lolote. Kwake pia gari ilinyamaza. Nikaanza kuamini kuwa inanifanyia kusudi.

Jumatano nilikwenda kwa fundi mzee wa Amani, nimeshakata tamaa. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Inalia wakati gani?"

Nikamweleza kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeniuliza habari za mume. Hakujilaza. Alisimama dirishani kwangu, akaniambia niwashe, kisha akatazama chini kwenye pedali.

"Mguu wako uko wapi?"

"Kwenye klachi."

"Gari ishawaka. Mbona huuondoi?"

"Imo kwenye gia, mzee. Breki ya mkono haifanyi kazi."

Ndivyo alivyotufundisha baba. Breki ile ilikufa zamani naye hakuitengeneza. Gari ikiegeshwa huwekwa gia, na jiwe nyuma ya tairi. Ukiiwasha unakanyaga klachi kwanza, na mguu huuondoi mpaka uwe unaondoka. Na fundi akiwa amelala chini ya gari, ningeuondoaje?

Mzee akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi. "Toa gia. Sasa ondoa mguu."

Sakafu ikakoroma. Nikakanyaga, kimya. Nikaachia, mkoromo.

"Beringi ya giaboksi," akasema. "Ukikanyaga klachi haizunguki. Ulikuwa unainyamazisha mwenyewe. Si ugonjwa wa kufa huu, njoo Jumamosi."

Niliona haya. Matusi yote niliyowatukana wale mafundi moyoni yalinirudia.

Kaka hakutaka hata kusikia habari za beringi. Alisema ameshampa mtu ahadi. Alhamisi yule mgeni wa Nungwi akaja, kaka akapanda mwenyewe, akawasha. Mgeni akainamia boneti, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kaka naye alikuwa anatabasamu, mguu wake wa kushoto umeganda kwenye klachi, vilevile alivyofundishwa.

Nilisimama pale nimeuma meno, naiona riziki yangu inakwenda Nungwi. Kisha nikaokota mawe mawili, nikayabana kwenye tairi.

"Kaka, toa gia. Ondoa mguu."

Alinitazama bila kuelewa, akaondoa.

Mgeni alirudi nyuma hatua nzima. "Nini hiyo?" akauliza, na nilipomwambia ni giaboksi hakungoja maelezo zaidi. Akaaga kwa adabu, akaenda zake. Miezi miwili nilikuwa naichukia sauti ile, na asubuhi hiyo niliiacha ikorome mpaka mgeni akapotea kwenye kona. Kaka alizima injini, akashuka, akanipa ufunguo.

Jumamosi nilirudi kwa mzee peke yangu. Nilimwambia aanze na breki ya mkono.