Pichani Watano, Kwenye Kanda Sita

Nakumbuka siku moja, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako mashambani, tulipojipanga mbele ya studio ya picha pale Ushirombo. Nilikuwa mimi na wanaume wanne wenye magitaa, tumevaa sare tulizoazima kwa kwaya ya kanisani. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mpiga picha akatusimamisha nje, juani. Nilikuwa msichana mwembamba, usicheke, mwanangu, na ndimi niliyekuwa mwimbaji wa bendi yetu.

Waandaaji wa tamasha moja la Mwanza walitaka tuwatumie bahasha yenye picha ya bendi, maelezo mafupi ya sisi ni nani, na kanda ya nyimbo zetu. Kuandika nikapewa mimi, maana mwandiko wangu ulisifiwa tangu shule. Wakubwa walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikaona hata chema kinahitaji kupakwa mafuta kidogo kabla ya kutoka nje.

Sasa, hatukuwa watano. Tulikuwa sita. Wa sita alikuwa Masanja, mpiga ngoma, aliyetuzidi umri sote. Unajua huku kwetu watu hulima kwa kundi, na ngoma huwaongoza ili majembe yapande na kushuka pamoja. Ngoma hiyo ndiyo aliyoipiga Masanja. Tulipoiingiza kwenye magitaa yetu, wachimbaji wa Geita, waliotoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, kupumzika Jumapili mchana, walicheza wameinama kama wameshika majembe. Wengi walikuwa watoto wa wakulima, na ngoma ile iliwarudisha nyumbani.

Siku ya picha Masanja alikuja moja kwa moja kutoka shambani, tope hadi magotini, ngoma begani. Nikaona haya. Niliogopa watu wa Mwanza watatuona washamba. Nikamwambia kwa sauti tamu, ile ya mtu anayejua anakosea:

"Kaka Masanja, hebu tushikie mabegi kwanza."

Akaweka ngoma chini, akabeba mabegi yetu, akasimama kando ya mpiga picha na kutuchekesha ili tusinune. Baadaye nikaandika kuwa sisi ni vijana watano wa muziki wa kisasa. Jina lake sikuliandika popote.

Wiki chache zikapita, akaja mama mmoja kutoka Mwanza, mwandaaji mwenyewe. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitoa picha yetu mkobani.

"Wanangu, pichani naona watano. Kwenye kanda nasikia sita. Mimi nimemfuata huyu wa ngoma. Yuko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbia hadi shambani, nikasubiri wakulima wamalize tuta, kisha nikamweleza Masanja yote, pamoja na yale niliyoyaandika. Akajifuta jasho.

"Wabeja kwa kunieleza, dada Kabula," akanishukuru kwa Kisukuma. "Ila mimi nilikuwa mshika mabegi. Mpelekee mgeni wale watano."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yule mama tulimpigia bila ngoma. Akasikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaondoka, na tamasha tukalisikia redioni. Masanja nilimwomba radhi mara nyingi, akanisamehe, hata harusini kwangu alikuja. Lakini ngoma yake hakuileta tena kwetu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu nimemlea mpaka nimezeeka.

Picha ile ninayo bado. Itazame vizuri chini, karibu na miguu yetu. Kuna kivuli cha mtu mwenye mabegi mikononi.

Jana ulinionyesha kwenye simu mambo mnayotaka, wewe na bendi yako, kuwatumia waandaaji wa tamasha: picha zenu mmevaa miwani myeusi, wasifu wa bendi, nyimbo tatu. Mmependeza, sikatai. Lakini nilihesabu watu wanne, na kwenye wimbo wa pili nikasikia zeze. Nilipouliza ni la nani, ukakohoa kwanza, ukasema ni la mzee mmoja wa Masumbwe, ila hana mwonekano. Nilijisikia mwenyewe nikisema.

Basi nisikilize. Usimwite mtu kwenye jasho ukamficha kwenye sifa. Usiione haya ngoma iliyokufundisha kutembea, kwani mwacha asili ni mtumwa. Masumbwe si mbali. Nenda kesho asubuhi, mwamkie mzee wa watu, mpige picha na zeze lake akiwa na nguo zake mwenyewe, kisha andika jina lake kamili juu ya lako.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu awape masikio ya watu na miguu ya kuwachezea. Na siku mgeni atakapouliza mwenye zeze yuko wapi, mzee awe amekaa katikati yenu, aitike mwenyewe.