Mama Fé hauzi kwa bei ya kwanza

Saa kumi alasiri, Jumamosi, mtaa wa Mwemezi mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Félicité Mlondani, Mama Fé kwa wateja wake, ameketi mkekani ukumbini kwake, shuka jeupe limemfunika magoti, sindano ameichomeka kwenye blauzi. Hashoni. Simu yake iko juu ya kigoda, na wanawake wanne waliomzunguka nao wameacha kushona. Wote wanaitazama simu hiyo kama sufuria ya maziwa inayokaribia kufurika.

Wanamsubiri bibi harusi aseme bei.

Bibi harusi ni Espérance, binti wa miaka ishirini na mitatu, na yuko Marekani, ambako saa hizi ni asubuhi. Mama yake, Dorothée, mzaliwa wa Lweba, si mbali na Baraka, anayeishi naye hukohuko, anataka mwanawe aolewe na jozi sita za mashuka yaliyodariziwa kwa mkono, kama alivyoolewa yeye. Binti haoni sababu. Kule kwao shuka unalibonyeza kwenye simu, na baada ya siku mbili liko mlangoni. Dorothée ameshindwa, akamwomba Félicité aongee na mtoto mwenyewe.

Félicité ametaja bei yake mbele ya kundi zima la wateja wake la WhatsApp: dola mia mbili arobaini kwa jozi zote sita. Sasa ni zamu ya binti. Akikubali kuingia kwenye mapatano, kuna biashara. Akinyamaza, basi tena.

Kwa Félicité, pesa hizo zina jina. Zinaitwa bati. Nyuma ya nyumba yake kuna chumba cha matofali ya kuchoma, kuta zimesimama tangu Machi, juu ni mawingu tu. Hicho ndicho kitakuwa chumba cha kushonea. Kwa sasa wanashonea hapa ukumbini, kuku wakipita, watoto wakipita, na mvua ikinyesha kila anayeingia analeta matope yake.

“Shuka nyeupe na matope ya Baraka habapatane,” anasema Félicité. “Mwaka jana tulifua jozi moja mara tatu mbele ya kuiuza. Nyuzi zikaanza kuchuja rangi. Nililia kama mutoto.”

Ana miaka arobaini na minne, sauti nene na ulimi usiolala. Alijifunza kudarizi akiwa na miaka kumi na mitano kule Lubondja, kwa akina mama wa kanisa, waliokuwa wakichapa vidole vya msichana aliyefunga uzi vibaya. Aliolewa na Jacques, fundi seremala, akahamia Baraka, na kwa miaka mingi hakukosa kazi. Harusi bila mashuka ya mkono haikuwa harusi.

Kisha vita vikawatawanya watu, wengine kambini ng’ambo ya ziwa, wengine mbali zaidi. Waliobaki wakaanza kununua mashuka ya dukani, ya bei rahisi, yenye simba na maua ya kuchapwa. Miaka miwili iliyopita Félicité alikuwa akiuza jozi moja kwa mwezi, na mwezi mwingine hata hiyo hakuna. Mwenzake Kabagwira, mama aliyeshuka kutoka milimani na ambaye hakuna anayemshinda kudarizi ng’ombe, alikuwa tayari ameshafunga mzigo wake. Alikuwa anakwenda kulima mashamba ya watu.

Félicité akauza mbuzi wake wawili, akanunua simu. Akasema mpaka Pentekoste. Kama simu haijaleta mteja hata mmoja, anaiuza na sindano anaziweka chini.

Aliyefungua duka la mtandaoni, kwenye kundi la WhatsApp, ni Divine, binti yake mkubwa, aliyesoma Uvira. Alifanya kila kitu kama wafundishavyo walimu wa biashara kwenye mitandao. Picha safi, shuka limenyooshwa, maelezo mafupi, na chini ya kila picha bei, ikifuatiwa na maneno mawili: haipungui kamwe.

Watu wakamiminika kutazama. Mioyo myekundu ikajaa chini ya kila picha. Mnunuzi, hata wa dawa, hakuna. Mmoja aliuliza kama picha zimeibwa mahali.

Hapo ndipo Dorothée alipojitokeza kwa mara ya kwanza. Aliandika kwa upole akiomba apunguziwe kidogo. Divine akamjibu kwa adabu zote kwamba bei haipungui. Dorothée akatoka kwenye kundi, na kabla ya jua kuzama watu kumi na mmoja wakamfuata.

Félicité alipoambiwa, alishika kichwa. Kumwambia mtu wa kwenu bei isiyopungua, anaeleza, ni kama kumfungulia mlango na kumsimamisha hapohapo kizingitini. Alimnyang’anya binti yake simu na kumtumia Dorothée ujumbe wa sauti, wa kwanza katika maisha yake. Bado anao, na huwasikilizisha wageni kwa fahari.

“We mutoto ya Lweba,” sauti yake inasikika, “mi bado sijakukatalia muzuri, na we unaenda? Rudi hapa. Rudi uniambie bei ya kunitukana, na mi nikasirike, njo tuanze.”

Dorothée alirudi. Walipatana kwa siku nne, kwa sauti, kundi zima likisikiliza. Félicité aliapa kwamba anauawa. Dorothée aliapa kwamba watoto wake watalala njaa. Waliwaingiza marehemu wa pande zote mbili kuwa mashahidi. Waliokuwa wametoka kwenye kundi wakaomba warudishwe, wakaja na dada zao. Siku ya tano shuka liliuzwa, wiki moja kabla ya Pentekoste, na Kabagwira akaufungua mzigo wake.

Baadaye Félicité alimuuliza Dorothée kwa nini alihangaika siku nne kwa ajili ya kupunguziwa dola saba. Jibu lake analikumbuka neno kwa neno.

“Aliniambia, ‘Mama Fé, huku kila kitu kiko na bei yake kwa karatasi. Miaka kenda, hakuna mutu ameshaniambia kama ninamuua.’”

Tangu siku hiyo Jumamosi alasiri ni siku ya mapatano. Kundi lina watu zaidi ya mia nne, na wengi wao, Félicité anakiri akicheka, hawajanunua hata foronya. Wanakuja kusikiliza. Lakini anayesikiliza leo ana harusi kesho. Mwaka jana waliuza jozi sitini na moja, zikapelekwa na wasafiri wanaopitia Bujumbura, na kila mshonaji alipata dola nane kwa kila jozi aliyodarizi. Si utajiri. Kabagwira amelipia watoto wawili shule na hataki tena kusikia habari ya jembe.

Mwandishi wa makala haya alipotaka foronya mbili, aliuliza bei, akaambiwa dola kumi, akatoa dola kumi. Félicité alizitazama zile noti kama mtu aliyetukanwa.

“We ulilelewa na nani?” aliuliza. Foronya zilitoka kwa dola saba, baada ya nusu saa ya kelele.

Simu inalia. Wanawake wanasogea.

Sauti ya Espérance ni ndogo, Kiswahili chake kinatembea kama mtu aliyevua viatu kwenye kokoto. Anamsalimu Mama Fé. Anasema mama yake amemwambia ni lazima ataje bei nyingine, si ile iliyotajwa.

“Basi mi... nitalipa mia tatu.”

Kabagwira anajifunika mdomo kwa shuka. Mtoto wa watu amepanda badala ya kushuka! Divine anamwashiria mama yake kwa mikono yote miwili: kubali, kubali. Bati zote ziko hapo, na misumari juu yake, na hata dirisha.

Félicité anaiinua simu mdomoni.

“Mwanangu, hapana. Uko unapanda, mi nashuka, tutakutana wapi? Sikia. Anza na mia moja. Mi nitalia, nitasema unaniua. Usiniamini. Kisha upande polepole, na kila ukipanda ulalamike.”

Inakuja sauti ya kicheko, na baada ya kicheko, mia moja.

Félicité anapiga yowe la mtu aliyefiwa. Anamwita Kabagwira aje ashuhudie. Kwa saa nzima anapigana na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kupigana, na mtoto anajifunza upesi. Anasema yeye ni mwanafunzi. Anasema bwana harusi analala na miguu nje, hahitaji shuka kubwa. Kundi zima linamshangilia. Mwisho wanakubaliana dola mia mbili na kumi.

Divine anatikisa kichwa. Mama yake amekataa mia tatu, kisha akapoteza na thelathini zake mwenyewe.

“Angenunua kwa mia tatu, angenunua mara moja tu,” anamjibu Félicité, akiitafuta sindano yake kifuani. “Na siku moja angesikia tulimucheka, akaona haya ya kurudi.”

Wiki ijayo Jacques atapanda kupiga bati. Zitapungua mbili, pale watafunika turubai kwanza. Félicité anataka wanawake watano wawe wameingia humo kabla mvua za Septemba hazijaanza, na mlangoni pawe na ndoo ya maji ya kunawa miguu, hata kwa askofu.

Ameshatunga uzi simu inapolia tena. Ni Espérance. Félicité anauweka ujumbe usikike ukumbi mzima.

“Mama Fé, Jumamosi nitarudi. Natafuta kitambaa ya meza. Usiniambie bei ya kweli.”